Shajara ya mradi: skrini moja, vidirisha viwili, kisha vinne

Kazi yenyewe: video ya mafunzo ya dakika 22 yenye wazungumzaji wawili, kila mmoja amerekodiwa na kamera yake na kupewa kidirisha, yaani sehemu yake ya skrini. Ndani yake kuna kipande cha dakika 3 chenye vidirisha vinne, na shoti moja ambayo mtu yule yule anaonekana mara mbili. Fremu ni 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Uhariri unafanyika kwenye programu ya Premiere Pro. Pale ambapo programu nyingine za uhariri, DaVinci Resolve, Kdenlive au Shotcut, zinahesabu tofauti, tumeandika.

Siku ya 1: hesabu kabla ya programu

Upana wa skrini ni pikseli 1920. Mstari wa kugawa tumeupa pikseli 8, umekaa katikati kabisa, kuanzia pikseli ya 956 hadi ya 963, ya kwanza ikihesabiwa 0. Kila kidirisha kimebaki na upana wa 956. Kwa atakayetaka vidirisha vitatu vilivyosimama: mistari miwili ya pikseli 6, yaani 1920 toa 12, gawa kwa 3, jibu ni 636. Vidirisha vinne ni 956 kwa 536 kila kimoja.

Vipimo vyote hivyo vya upana na kimo ni shufwa, na si kwa bahati. Video ya kawaida ya H.264, mfumo wa kubana video, huhifadhi rangi kwa mpango wa 4:2:0: mwanga unaandikwa kwa kila pikseli, lakini rangi inaandikwa mara moja tu kwa kila kundi la pikseli 2 kwa 2. Ukingo ukiangukia kwenye pikseli witiri, unakata kundi katikati, na rangi ya kidirisha kimoja inavuja kidogo upande wa pili. Kwa sababu hiyo hiyo mstari mwekundu mwembamba tuliojaribu asubuhi umetupwa. Kwenye programu ulikuwa safi, kwenye faili la mwisho ukawa na ukungu pembeni kama wino uliolowa. Mweupe, mweusi au wa kijivu hauna shida hiyo, kwa kuwa tofauti yake na picha inabebwa na mwanga, si rangi. Tumechukua kijivu cheusi.

Swali la pili: picha ya 16:9 inaingiaje kwenye kidirisha cha 956 kwa 1080, ambacho kina kimo kuliko upana? Ukiipunguza hadi 50% inaingia karibu yote, lakini inakuwa 960 kwa 540, na pikseli 270 juu na 270 chini zinabaki tupu. Njia nyingine ni kuiacha na ukubwa wake na kukata kingo. Tumekata. Nafasi tupu juu na chini ya mtu anayeongea huifanya video ionekane kama simu ya mkutano, na hapa nyuso ndizo kazi yenyewe.

Mtego wa namba za nafasi, ambao unapoteza muda kila mtu anapohama programu:

- Premiere Pro huhesabu kutoka kona ya juu kushoto. Katikati ni 960, 540, na Y (namba ya pili) ikiongezeka picha inashuka.
- DaVinci Resolve huhesabu kutoka katikati. Katikati ni 0, 0, na Y ikiongezeka picha inapanda.
- Kdenlive na Shotcut hutaja kona ya juu kushoto ya picha yenyewe pamoja na upana na kimo chake. Picha iliyojaa fremu ni 0, 0, 1920, 1080.

Mtu akikupa "weka 480, 540", muulize kwanza ni ya programu gani.

Jambo la mwisho leo: chini ya leya zote, yaani matabaka ya picha, tumelaza kipande cha rangi ya waridi kali kinachojaza fremu nzima. Mandhari ya taimlaini ni nyeusi, na ufa wa pikseli moja mweusi kando ya mstari wa kijivu cheusi hauonekani mpaka video iwe kwenye televisheni kubwa. Waridi unapiga kelele papo hapo. Umeshakamata mmoja: Premiere Pro hukata kwa asilimia, na tulikuwa tumeandika 50.22% badala ya 50.21%. Ile 0.01 ni kama sehemu ya tano ya pikseli, inatosha kuacha ukingo wenye uwazi nusu.

Siku ya 2: kuoanisha muda

Kofi lililopigwa mwanzoni mwa kurekodi linaonekana kwenye mawimbi ya sauti kama mwiba. Miiba miwili ikikaa mahali pamoja, mwanzo uko sawa. Kamera ya kulia iliwashwa mapema kwa sekunde 3.48, kwa hiyo hicho ndicho kinachokatwa mwanzoni mwake.

Kabla ya kuhariri chochote tumetoa rasimu ya haraka kwa FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za maandishi, ili kuona dakika zote 22 zikiwa bega kwa bega:

ffmpeg -i kushoto.mp4 -ss 3.48 -i kulia.mp4 -filter_complex "[0:v]crop=960:1080:480:0[a];[1:v]crop=960:1080:480:0[b];[a][b]hstack=inputs=2[v]" -map "[v]" -map 0:a -c:v libx264 -crf 23 -pix_fmt yuv420p rasimu.mp4

Namba nne baada ya crop ni upana, kimo, pikseli za kuruka kutoka kushoto, na za kuruka kutoka juu. hstack hukataa kazi kama vimo havilingani, kwa hiyo picha za ukubwa tofauti zipitishwe kwanza kwenye scale.

Rasimu imelipa. Mwanzoni midomo na sauti vinakubaliana. Kufikia dakika ya 22 mzungumzaji wa kulia anachelewa kwa fremu 3. Saa za ndani za kamera mbili hazilingani kabisa, na kwenye skrini moja kosa hilo halina pa kujificha: mmoja anacheka, mwenzake anachekea baadaye. Dakika 22 ni fremu 33,000, na fremu 3 ni takriban 0.01% yake. Klipu ya kulia imewekewa kasi ya 100.01% na mwisho umekaa sawa. Kama programu haikubali desimali mbili, kata klipu penye kimya mara tatu na uisogeze fremu moja kila mkato.

Klipu ya mikono, iliyorekodiwa kwa simu, ni shida nyingine. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayobadilika: sekunde hii 30, inayofuata 28, kutegemea mwanga na joto la kifaa. Hapo kosa haliongezeki kwa mwendo mmoja, linayumba, na hakuna asilimia ya kasi itakayolitibu. Dawa ni kuigeuza iwe na idadi thabiti kabla haijaingia kwenye mradi. Programu ya HandBrake inafanya hivyo ukichagua fremu thabiti, na FFmpeg inafanya kwa -r 25 baada ya faili la kuingiza. Kutoka 30 kwenda 25 kunatupa fremu moja katika kila sita, na mikono inayokwenda haraka inaruka kidogo. Tumevumilia. Mradi ujao simu na kamera zianze na idadi moja.

Siku ya 3: macho

Siku nzima imeishia kwenye shoti mbili, na ilistahili.

Vidirisha viwili vinapokaa kando kwa kando, mtazamaji hulinganisha bila kutaka. Kichwa kimoja kikiwa juu ya kingine kwa pikseli 50, mmoja anaonekana amekaa kwenye kiti cha mtoto. Uso mmoja ukiwa mkubwa zaidi, huyo ndiye bosi. Na wakitazama nje, kila mmoja upande wake, wanaonekana wamenuniana hata kama wanasifiana. Wa kushoto lazima atazame kulia, wa kulia atazame kushoto, macho yakutane kwenye mstari. Hilo hupangwa wakati wa kurekodi. Kugeuza picha kama kwenye kioo huokoa tazamio, lakini maandishi kwenye nguo yanasomeka kinyume na upande wa vifungo vya shati unahama.

Vipimo vya leo, kutoka kwenye picha ghafi:

Kushoto: macho yako kwenye Y 402, uso umesimama kwenye X 700, kichwa kutoka kidevu hadi utosi ni pikseli 410.
Kulia: macho Y 351, uso X 1180, kichwa pikseli 430.

Tunataka macho yote kwenye Y 360, yaani theluthi ya juu ya fremu. Hapa wengi hukosea kwa kusogeza kwanza na kukuza baadaye. Wanaona wa kushoto yuko chini kwa pikseli 42, wanampandisha 42, ufa unatokea chini, wanakuza kuuziba, na macho yanahama tena kwa sababu kukuza hutokea kutoka katikati ya fremu. Wanazunguka hivyo nusu saa. Anza na kukuza.

Macho ya kushoto yako pikseli 138 juu ya katikati. Kwa 107% yanakuwa 148 juu yake, yaani Y 392. Sasa zinabaki 32 tu za kupandisha. Kimo cha picha kwa 107% ni 1155.6, ziada ya karibu 38 kila upande, kwa hiyo 32 zinatosha bila ufa. Kulia, kwa 103%, macho yanafika Y 345, yanashushwa 15, na ziada ni 16. Imepita kwa pikseli moja! Tulijaribu 102% kwanza na waridi ukachungulia juu.

Vichwa baada ya kukuza: 439 na 443. Hakuna jicho litakaloona tofauti ya 4.

Upande wa X, uso hauwekwi katikati ya kidirisha. Anayetazama kulia anahitaji nafasi mbele ya macho yake, kwa hiyo uso wa kushoto umewekwa pikseli 430 kutoka ukingo wa kushoto badala ya 478, na wa kulia 430 kutoka ukingo wa kulia. Namba za mwisho za Premiere Pro ni 708, 508 kwa 107% na 1263, 555 kwa 103%.

Zinaandikwa wapi? Si kwenye Motion, sehemu ya nafasi na ukubwa iliyo kwenye kila klipu. Premiere Pro hufanya efekti zote kwanza, Motion mwisho. Ukikata kwa Crop, efekti ya kukata kingo, kisha ukasogeza kwa Motion, unasogeza kidirisha kizima pamoja na ukingo wake. Ili picha itembee ndani ya kidirisha kilichosimama, namba ziingie kwenye efekti ya Transform, ambayo nayo husogeza na kukuza, na Transform ikae juu ya Crop kwenye orodha. Mpangilio huo ukigeuzwa namba hizo hizo zinatoa picha nyingine kabisa, na ndilo jambo la kukagua kwanza mtu anaposema "nimefuata kila kitu lakini kwangu haifanyi hivyo."

Rangi: kamera moja ilikuwa na picha ya manjano kidogo. Kwenye shoti zinazopokezana ungeweza kuiacha, bega kwa bega haiwezekani. Usisawazishe kwa kutazama ngozi, maana ngozi za watu wawili hazipaswi kufanana. Tafuta kitu cheupe au cha kijivu kwenye kila picha, kwa mfano karatasi, ukuta au kola ya shati, na usawazishe hicho.

Siku ya 4: kidirisha kinaingia

Video inaanza na mzungumzaji wa kushoto akiwa amejaza skrini, kisha wa pili anaingia kutoka kulia. Jaribio la kwanza lilikata leya zote mbili na kuhuisha ukataji, yaani kuufanya ubadilike fremu kwa fremu: wa kushoto kutoka 0% hadi 50.21%, wa kulia akifuata. Mwanzo na mwisho safi. Katikati, kwenye fremu ya 6 na ya 7, bonde la waridi limefunguka kati yao. Nafasi ilikuwa na mwendo unaopunguza kasi mwishoni, ukataji ulikuwa na mwendo wa kasi moja. Vitu viwili vinavyopaswa kugusana vikifuata mikunjo tofauti ya mwendo, vitaachana njiani.

Tungeweza kulinganisha mikunjo. Badala yake tumefuta ukataji wa kushoto wote. Leya ya chini haihitaji kukatwa! Mzungumzaji wa kushoto abaki mzima chini, wa kulia akatwe kushoto kwa 50.21% na alazwe juu yake, mstari wa kijivu juu ya wote. Kinachofunikwa hakionekani, na ufa hauna mahali pa kutokea. Hesabu ya Siku ya 1 inabaki ile ile, kazi imepungua nusu.

Kisha mstari na klipu ya kulia vimefungwa pamoja kuwa furushi moja, klipu ndani ya klipu, na furushi ndilo linalotembea: X kutoka 1924 hadi 960, ndani ya fremu 14. Ile 1924 ni 960 kuongeza 964, umbali wa kutoa mstari na kidirisha nje ya skrini kabisa. Klipu ya kushoto inahama wakati huo huo kutoka 960, 540 kwa 100% hadi namba zake za jana, pointi za mwendo (alama za mahali badiliko linapoanza na kuisha) zikiwa kwenye fremu zile zile. Fremu 14 ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Kwa 8 ilikuwa kama kofi, kwa 25 mtazamaji anasubiri.

Kidirisha kiingie mtu akiwa anavuta pumzi, si katikati ya neno. Jicho likikimbilia kidirisha kipya, sikio halisikii sentensi.

Siku ya 5: vinne

Hesabu rahisi: 50% kila klipu, nafasi 480, 270; 1440, 270; 480, 810; na 1440, 810. Hakuna kukata. Msalaba wa mistari miwili ya pikseli 8 juu ya yote unafunika mishono.

Klipu za 4K ziangaliwe jinsi zinavyoingia. Premiere Pro ina amri mbili zinazofanana majina: Scale to Frame Size na Set to Frame Size. Ya kwanza huishusha picha hadi ukubwa wa fremu na kutupa pikseli za ziada, ukikuza baadaye inafifia. Ya pili hubadilisha namba ya ukubwa tu na pikseli zote zinabaki. Tumia ya pili, hata pale ambapo leo hukuzi kitu.

Kompyuta imeanza kukwama. Vidirisha vinne kwa fremu 25 ni fremu 100 za kufungua kila sekunde, na H.264 huhifadhi fremu nyingi kama tofauti na majirani zake, hivyo ili kuonyesha moja inabidi kufungua kadhaa. Tumetengeneza nakala nyepesi za 960 kwa 540 kwa ProRes Proxy, mfumo wa video ulio rahisi kufungua. Mfumo wa DNxHR LB ungefaa vile vile. Kila fremu kwenye nakala hizo imekamilika yenyewe. Faili ni kubwa kuliko unavyotarajia kwa ukubwa huo wa picha, lakini taimlaini inateleza. Kupunguza ubora wa onyesho hadi robo peke yake hakukusaidia vya kutosha.

Ubaya wa vinne hauko kwenye programu. Vyote vikicheza kwa pamoja hakuna anayejua atazame wapi. Suluhisho lililobaki baada ya majaribio: kidirisha kimoja kinacheza kwa mwanga kamili, vingine vitatu vimeshushwa hadi 60% na viwili kati yake vimegandishwa. Mwanga unahama kutoka kimoja hadi kingine kwa fremu 6. Na maandishi yoyote ndani ya kidirisha yamekuwa nusu ya ukubwa wake. Kilichosomeka kwa shida kwenye skrini nzima hapa hakisomeki, kwa hiyo maandishi yaliyokuwa ndani ya klipu yamefutwa na kuandikwa upya juu ya furushi.

Siku ya 6 na 7: mtu mmoja mara mbili

Zamani za filamu ya utepe hili lilifanywa ndani ya kamera: nusu ya lenzi inafunikwa kwa kadi nyeusi, shoti inapigwa, utepe unarudishwa nyuma, kadi inahamia nusu ya pili, shoti inarudiwa. Akikosea mara ya pili, na ya kwanza imeharibika. Leo maski, yaani umbo linaloamua sehemu gani ya leya ionekane, inachorwa baada ya kurekodi, lakini masharti ya kamera hayajabadilika hata moja.

Yaliyofungwa kwenye kamera: mwangaza, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga), mizani ya weupe, fokasi. Kasi ya shata 1/50. Uthabiti wa picha umezimwa, na hili husahaulika sana. Kamera ikiwa kwenye stendi, mfumo wa uthabiti unaweza kuisogeza picha pikseli chache kwa hiari yake, na shoti mbili hazitalingana tena. Fokasi ya otomatiki nayo haifai: kwenye lenzi nyingi fokasi ikihama, ukubwa wa picha unapumua.

Leya mbili zimelazwa, ya juu ikawekwa kwenye hali ya kuchanganya iliyoandikwa Difference kwenye menyu. Hali hiyo hutoa pikseli za leya moja kwenye nyingine. Zikilingana, kila kisichotembea kinakuwa cheusi. Yetu ilionyesha mistari myembamba ya nuru kwenye kila ukingo wima: fremu ya mlango, pembe ya meza. Kamera ilisogea baina ya shoti mbili, pengine kidole kilipobonyeza kitufe. Leya ya juu imesogezwa pikseli 2 kushoto na mistari imezimika. Baadaye hali ya kuchanganya imerudishwa ya kawaida.

Kusogeza kumeacha ufa wa pikseli 2 ukingo wa kulia. Usikuze leya hiyo peke yake, kwa maana itaacha kulingana na ya chini kadiri unavyokwenda mbali na katikati. Funga zote mbili kuwa furushi, kisha kuza furushi hadi 100.3%. Hiyo inasukuma karibu pikseli 3 nje kila upande, na hakuna atakayejua.

Maski: mstari haukuchorwa katikati ya skrini kwa nidhamu tu. Umepita kwenye ukingo wa mlango, mahali ambapo rangi inabadilika yenyewe, kisha ukapinda kufuata ubavu wa meza. Penye ukuta mtupu ulainisho wa ukingo wa maski ni pikseli 30, penye ukingo wa mlango ni 4. Ulainisho mpana juu ya kitu chenye ncha kali hukitia ukungu, na ulainisho mwembamba juu ya ukuta mtupu huonyesha mshono.

Kilichotusumbua ni kivuli. Mtu wa kulia alipoinua mkono, kivuli chake kiligusa ukuta upande wa kushoto na kukatwa na maski kama kwa wembe. Mkono wenyewe haukuvuka. Maski imehuishwa kwa sekunde 2 hizo, pointi ya mwendo kila fremu 5, ikifuata kivuli na kurudi. Atakayerekodi shoti ya namna hii aangalie sakafu na ukuta kwanza, ndipo amwangalie mtu.

Mwanga wa dirishani ulipungua kati ya shoti ya kwanza na ya pili. Kwenye ukuta tofauti ilionekana kama pazia. Kuongeza mwangaza wa leya ya pili kidogo kidogo, huku ukitazama mawimbi ya mwanga (grafu ya programu inayopima mwangaza wa picha) badala ya kutegemea macho tu, kumeiondoa. Kama ungekuwa unabadilika ndani ya shoti yenyewe, jua likiingia na kutoka mawinguni, tungerudia kurekodi.

Siku ya 8: sauti

Sauti ndiyo inayoelekeza jicho. Wa kushoto amesogezwa kushoto 25%, wa kulia vile vile upande wake. Tulijaribu 100%, na kwa spika za masikioni mtu mmoja akawa anaongea ndani ya sikio moja tu. Inachosha ndani ya dakika mbili.

Maikrofoni ya asiyeongea imeshushwa desibeli 12, haijazimwa. Ukiizima kabisa, mvumo wa chumba chake unakatika na kurudi kila zamu, na sikio linaugundua haraka kuliko neno lililosemwa. Kipande cha dakika 3 ni tofauti: watu wote walikuwa chumba kimoja, maikrofoni mbili zilisikia sauti moja kwa kupishana milisekunde chache, na zikichanganywa sauti inakuwa kama ya mtu aliyemo ndani ya debe. Hapo imechaguliwa moja na nyingine imezimwa.

Siku ya 9: kutoa faili

H.264, 1920 kwa 1080, fremu 25, megabiti 16 kwa sekunde. YouTube hupendekeza 8 kwa ukubwa huu wa picha hadi fremu 30, na kwa mzungumzaji mmoja zingetosha. Vidirisha vinne vyenye mwendo na kingo kali vilionyesha vijiboksi kwa 8, na huko vinabanwa mara ya pili vikifika, kwa hiyo faili liende likiwa na ziada. Nakala nyepesi zimezimwa kabla ya kurenda, na kipande cha waridi kimeondolewa mwisho kabisa, baada ya kupitia mishono yote fremu kwa fremu kwa ukuzaji wa 200%.

Limebaki toleo la wima la simu, 1080 kwa 1920. Vidirisha vinalala juu na chini, 1080 kwa 956 kila kimoja, katikati zake zikiwa kwenye Y 478 na 1442. Picha ya kimo cha 1080 inahitaji angalau 88.6% ili ijaze 956. Ukihamisha uwiano wa Siku ya 3 kwa kumpa mzungumzaji wa kushoto 89%, wa kulia anapata 85.7% na kuacha ufa. Uanzie kwa wa kulia: yeye 89%, wa kushoto 92.5%. Vichwa vinatoka 383 na 379. Mandhari ya waridi imerudishwa kwenye taimlaini hiyo.